Kiklingoni cha Mshonaji

Jumamosi, 1 Machi

Muhula umeanza leo na mvua nayo imeanza leo. Chumba cha nyuma cha maktaba kinavuja palepale kilipovuja mwaka jana, juu ya ubao, kwa hiyo nimeandika upande wa kushoto tu. Wanafunzi sita. Wawili hawatarudi. Niliziona nyuso zao niliposema kwamba katika lugha hii mtendwa anatangulia, kitenzi kinafuata, na mtenda anakuja mwisho kabisa.

Huu ni mwaka wa sita nafundisha Kiklingoni kwa wanaoanza. Mdogo wangu, mkunga ambaye naishi naye, huwaambia watu kwamba dada yake anafundisha tuisheni, kisha anabadilisha mazungumzo haraka wasije wakauliza tuisheni ya nini. Simlaumu. Ni lugha iliyotungwa kwa ajili ya wapiganaji wa kwenye filamu, watu wa nyota za mbali wenye mapaji kama gamba la kobe. Haina hata salamu. Ukikutana na mtu unamwambia *nuqneH*, yaani, unataka nini? Lakini sarufi yake imekamilika, na sisi wa Kiswahili tunaishika upesi kuliko tunavyodhani, maana nayo inabandika mbele ya kitenzi silabi inayosema nani kamtenda nani.

Mzee Mpimaji amekuja tena. Alipima ardhi miaka thelathini na tano, sasa amestaafu, na huu ni mwaka wake wa nne katika darasa la wanaoanza. Hataki kupanda. Anasema huko juu hakuna watu wa kusahihisha.

Shajara hii ni amri ya mdogo wangu. "Dada, tangu uache mahakama unaongea na kuta. Ongea na karatasi, angalau karatasi haitaniuliza mimi una nini."

Jumanne, 4 Machi

Jumanne huwa nakaa kwenye meza ya mbele ya maktaba, saa nane mpaka saa kumi, kwa wale wasioweza kuja Jumamosi. Leo amekuja mmoja tu: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nyuzi zimemganda kwenye sketi, vidole vina alama za sindano. Ni mshonaji katika karakana ya wifi yake, na Jumanne hutumwa dukani kununua uzi. Ana dakika kumi na tano, basi.

Nikamuuliza kwa nini Kiklingoni.

"Mteja wetu mmoja alikuwa anasoma kitabu chake wakati nampima," akasema. "Nikapenda kwamba sielewi hata neno. Nikajua na nyumbani hakuna atakayeelewa."

Nilicheka. Wanafunzi wangu wote wana sababu za ajabu. Amenunua daftari la jalada la kijani na tumekubaliana: ataandika sentensi nyumbani, ataniletea, nami nitasahihisha akingoja.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Wanafunzi wanne. Mzee Mpimaji na ndoo.

Jumanne, 11 Machi

Mshonaji anajifunza haraka ila ana kosa moja sugu: anaandika *h* ndogo. Kiklingoni hakina *h* ndogo inayosimama peke yake. Ni kubwa popote ilipo, hata katikati ya neno. Nimemrudishia mara tisa kwa kalamu nyekundu.

Kosa la pili lilikuwa zuri, la kufundishia. Ameandika *jIhaw'vIp*. *Haw'* ni kukimbia hatari, *jI-* ni mimi, *-vIp* ni kuogopa. Naogopa kukimbia. Nikamweleza kwamba kiambishi hicho hakitumiki kwa "mimi" wala "sisi". Sarufi inaruhusu, mila ndiyo inayokataa: mpiganaji atasema wewe unaogopa, yule anaogopa, ila mimi naogopa, haisemwi.

"Haisemwi kabisa?"

"Ni aibu kubwa."

"Basi wanafanyaje?"

"Wanakiondoa." Nikakikata kwa wino mwekundu, nikakuza *h*, pakabaki *jIHaw'*. Nakimbia.

Akaliangalia neno muda mrefu kuliko neno linavyostahili. Kisha akasema uzi utakwisha dukani.

Jumamosi, 15 Machi

Amejiunga mwanafunzi mpya, wiki mbili nyuma ya wenzake, na kusema kweli amenifurahisha. Ni mkata vioo, wa madirisha na vioo vya kujitazamia. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuja na rula, na kila jedwali la viambishi nililoandika ubaoni alilichora upya kwenye daftari lake kwa mistari iliyonyooka. Nimempa jina la Mnadhifu. Alipoondoka aliinua viti vyote akaviweka juu ya meza bila kuombwa.

"Huyu atakupita, mzee," nikamwambia Mpimaji.

"Anachora vizuri," mzee akasema. "Tuone."

Jumanne, 18 Machi

Mshonaji ameandika sentensi yake ya kwanza isiyo na kosa hata moja: *muqIp loDnalwI'*. Mume wangu ananipiga. Kitenzi sahihi, *mu-* ya "yeye kwangu mimi" sahihi, mtenda mwishoni. Nikaandika pembeni "Hongera!" na nyota. Chini yake akaongeza *nubej puqpu'*, watoto wanatutazama, nayo haina kosa. Kitabu chetu cha mazoezi kimejaa vipigo tangu ukurasa wa kwanza: nahodha anapiga, mfungwa anapigwa, adui anauawa kabla ya somo la tatu. Amechukua mfano wa nahodha akaweka maneno ya somo la familia. Ndivyo wanafunzi wazuri wanavyofanya.

Amefungwa bandeji kidole gumba. Mashine, amesema.

Jumamosi, 22 Machi

Mnadhifu ameshawapita wote. Ameniuliza *loDnal* ni nini, nikamwambia mume. *puqpu'*? Watoto. Anauliza kwa upole, anaandika, anapiga mstari. Nimerudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu kwamba sijapata mwanafunzi kama huyu kwa miaka.

"Ameoa?" akauliza.

"Mdogo wangu!"

"Nauliza tu. Mwanamume anayeinua viti."

Jumamosi, 29 Machi

Naandika hata koti la mvua sijalivua.

Baada ya darasa Mnadhifu alibaki, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili, akakinyoosha mezani kwa ukingo wa rula. Neno moja, kwa mwandiko wake safi: *jIhaw'vIp*.

"Nimelikuta mahali, mwalimu. Natafuta kwenye kamusi ya simu, halipo."

Bila shaka halipo. Kamusi haina neno lenye viambishi, mpaka ujue pa kulikata. Na haina *h* ndogo.

Wapo wanaoanza wengi wanaokosea *h*. Lakini *h* ile ndogo, na kiambishi cha woga juu ya "mimi", vyote katika neno moja? Nililiona neno hilo mara moja tu maishani, na nilikuwa nimeshika kalamu nyekundu. Kumbe alikuwa amelinakili kutoka chini ya wino wangu, likiwa bado na kosa lake.

"Ulilikuta wapi?" nikauliza.

"Nyumbani." Akatabasamu. "Mke wangu ana kidaftari. Mwanamke akianza kuandika usichoelewa, mwalimu, ana mtu. Sasa sitaki ugomvi. Nataka kujua tu anamwandikia nani na anasema nini."

Nikamwambia neno limeandikwa vibaya, nitalichunguza. Akashukuru. Akainua viti.

*muqIp loDnalwI'*. Hongera! Na nyota.

Jumapili, 30 Machi

Nimemweleza mdogo wangu yote. Hakuniambia nililotegemea, kwamba hukujua. Aliuliza: "Kidole kilifungwa vipi? Kilikaa upande gani?" Nikamwonyesha. "Mashine ya kushona haivunji hivyo," akasema.

Kisha tukalisema lile ambalo hatulisemi. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama miaka kumi na tisa. Mwaka wa mwisho alisimama mwanamke kutoka vijijini, nikamtafsiria. Alitumia neno moja la lugha yake ambalo ni "kukanya" na ni "kupiga" pia, inategemea nani analisema. Hakimu alikuwa anaangalia saa. Nikasema "alinikanya". Kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana, na nikawaona wakitoka langoni pamoja, mwanamume mbele, yeye nyuma. Sikurudi kazini Jumatatu. Nilitafuta lugha ambayo nikikosea hakuna atakayeumia.

"Basi," mdogo wangu akasema, "umeipata?"

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imeziba barabara ya chini. Nimekaa meza ya mbele saa nane mpaka saa kumi na moja. Hakuja.

Alhamisi, 3 Aprili

Simu ya Mshonaji husomwa na mumewe, hilo alinidokezea siku zetu za mwanzo kama utani. Kwa hiyo leo nimechukua gauni langu la kijivu, nikafumua pindo kwa makusudi, nikaenda karakanani. Chumba kimoja kirefu, mashine nne, wifi mtu kakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki akikata vitambaa kwa macho yanayoona mpaka nyuma ya ukuta.

Mshonaji aliponiona aliinuka haraka. Akanisimamisha juu ya kibao, akapiga magoti na pini midomoni, akaanza kupima pindo. Wifi alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Nikainama kama mtu anayeangalia kitambaa, nikasema polepole:

"*paqlIj laD loDnallI'*."

Kitabu chako, anasoma, mume wako. Niliona maneno yakimwingia moja moja, kwa mpangilio ule wa kinyume, mpaka lile la mwisho. Pini moja ikaanguka.

"*ghorgh?*" nikauliza. Lini? Lini utaondoka, ndiyo maana yangu. Sikuwa na nafasi ya maneno zaidi.

Akajibu kwa pini midomoni, silabi moja: "*wej*."

"Anasema nini huyo?" wifi akauliza toka mlangoni.

"Anahesabu pini, mama," nikasema.

Wifi akaja kusimama juu yetu, na hapo ikawa mwisho. Nimefika kona ya barabara ndipo nikakumbuka. *wej* ni tatu. Lakini *wej* pia ni "bado". Neno lilelile, tahajia ileile. Siku tatu, au bado kwanza?

Ijumaa, 4 Aprili

"Kamuulize tena," anasema mdogo wangu.

"Kwa gauni gani?"

Ameshazungumza na mwanamke anayesimamia nyumba ya hifadhi, ile ambayo wakunga wanaijua na hawaitaji njiani. Kuna kitanda kimoja. Tumeamua tulichukue neno kama tatu. Tukikosea upande huo tutangoja bure tu. Tukikosea upande wa pili, sijui.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilifikiri kufunga darasa. Lakini nikifunga, Mnadhifu atajua kwa nini, na atakwenda nyumbani akiwa anajua.

Alikuja na ukurasa mzima leo, kapiga picha, kachapisha, kaibandika daftarini. Akauliza mbele ya wote, kwa adabu, kama angeweza kupata msaada wa tafsiri. Wino wangu mwekundu ulitoka kijivu kwenye picha, ila nyota ilionekana. Sijui kama aliutambua mwandiko. Nafikiri aliutambua.

"Hapa najua *loDnalwI'*, mume wangu," akasema. "*mu-*, yeye kwangu. Hapa *puqpu'*, watoto. Sijui vitenzi tu. Hiki, *qIp*?"

Matone yalikuwa yanaingia kwenye ndoo. Miaka kumi na tisa niliapa kutafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu, na ile mara moja niliyokosea, nilikosea kwa haraka. Leo nilikuwa na muda wote duniani.

"Kusindikiza," nikasema.

Kalamu yake ikaandika. "Mume wangu ananisindikiza?"

"Mume wangu ananisindikiza. Watoto wanatutazama. Na lile neno ulilonionyesha wiki iliyopita, napenda kupumzika."

Nikamwona Mzee Mpimaji anainua kichwa. Mzee huyu aliwahi kunisimamisha dakika ishirini kwa sababu ya alama moja ya koma ya juu. Alifungua mdomo. Akaniangalia. Akamwangalia Mnadhifu, rula yake, shati lake.

"Naam," mzee akasema. "Kusindikiza. Neno zuri."

Baada ya darasa akaningoja chini ya ukingo wa paa. "Mwalimu, miaka minne sijakusikia ukikosea. Leo umekosea mara mbili kwa pumzi moja, na mimi nimekosea pamoja nawe. Naomba tu kujua nimekosea kwa ajili ya nani."

Nikamwambia. Alivua miwani akaifuta, na mvua ikailowesha tena.

Jumapili, 6 Aprili

Siku ya tatu. Mimi na mdogo wangu tumekaa kwenye benchi la zahanati yake, linalotazama lango la maktaba iliyofungwa Jumapili, toka asubuhi mpaka walipofunga dirisha la dawa. Kila mwanamke mwenye mwavuli alikuwa yeye mpaka alipokaribia.

Hakuja. Basi ilikuwa "bado".

Jumatatu, 7 Aprili

Hakuna. Nimepika chai, nimeisahau, nimepika nyingine.

Jumanne, 8 Aprili

Saa nane na robo mlango wa maktaba ulifunguliwa wakaingia watatu. Mshonaji, na wasichana wawili wa sare za shule, mkubwa kamshika mdogo mkono, viatu vimejaa maji. Hawakuwa na begi. Alikuwa na mfuko wa nyuzi na daftari la kijani ndani yake.

"Tumefika, mwalimu."

"Nilikungoja Jumapili," nikasema. "Ulisema tatu."

"Nilisema tuko watatu." Akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. "Si uliuliza wangapi?"

Alichanganya *ghorgh* na *'ar*. Kosa la somo la nne. Kila mtu analifanya.

Mdogo wangu alifika na gari la kuazima, akawaona wasichana, akanigeukia. "Dada. Kitanda kimoja." Kisha akaanza kupiga simu, na sauti ile anayotumia mtoto akikaa vibaya tumboni, ya utulivu wa kutisha, mpaka vikapatikana vitanda viwili na godoro.

Tukingoja, Mshonaji alinisimulia. Jumamosi mumewe alirudi nyumbani anacheka. Hakusema amesoma nini. Alisema tu kwamba kumbe mke wake anapenda kusindikizwa, basi atamsindikiza. Jumapili alikuwa naye mpaka kisimani. Jumatatu alimpeleka karakanani na kumrudisha. Asubuhi ya leo pia. Ilibidi angoje wifi amtume uzi, apite shuleni, aombe ruhusa ya uongo kwamba bibi yao kafariki.

"Sijui alilitoa wapi hilo la kusindikiza," akasema.

Nikamwambia lilitoka kwangu.

Msichana mdogo alikuwa anakamua soksi sakafuni. "Basi sawa," mama yake akasema hatimaye, lakini sauti haikusema sawa, nami sikutaka kuitafsiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja. Mnadhifu alikaa kiti cha mbele, karibu na ndoo. Nilifundisha kuhesabu. Mikono yangu iliandika saba mara mbili.

Mwishoni hakuinua viti. Alisimama mbele ya meza yangu, akafungua daftari. "*qIp* si kusindikiza," akasema. "Nimenunua kamusi. Nimejifunza pa kukata neno, kama ulivyonifundisha. Wewe unajua walipo."

"Toka," akasema Mzee Mpimaji nyuma yake. Mzee ana miaka sabini na mbili na goti bovu.

"Nimeuliza mwalimu."

"Sijui," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli, maana mdogo wangu amekataa kuniambia.

Alifunga daftari polepole, kona kwa kona. "Ulikuwa mwalimu mzuri," akasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekuja tena. Maktaba ni ya umma, wanasema hawana sababu ya kumzuia. Nimebandika karatasi mlangoni: darasa limefungwa mpaka itakapotangazwa.

Jumanne, 6 Mei

Barua ya mahakama. Mshonaji ameomba amri ya ulinzi, na daftari la kijani limepelekwa kama ushahidi. Wamenihitaji. Siyo kwa ukalimani, kwa sababu mwandiko mwekundu ni wangu. Naitwa kama shahidi.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua imekatika wiki iliyopita. Joto. Nimepiga pasi gauni la kijivu. Pindo lake Mshonaji aliliacha nusu, limeshikwa na pini.

Jumanne, 20 Mei

Naandika yote, kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Chumba ni kile kile nilichokuwa nikitafsiria, ila wamebadilisha feni. Hakimu ni mwanamke, simfahamu. Mshonaji alikaa upande wa kulia na mdogo wangu, aliyeshatoa ushahidi wa kidole. Mnadhifu upande wa kushoto, shati jeupe, daftari lake juu ya magoti. Wakili wake alikuwa na mafua, anapenga baada ya kila swali.

Niliulizwa kwanza kusoma daftari la kijani. Nikasoma. *jIHaw'vIp*, naogopa kukimbia. Hakimu akauliza kwa nini mwisho wa neno umekatwa. Nikaeleza mila za wapiganaji wa kwenye filamu mbele ya mahakama, na watu wa nyuma wakacheka, na sikuwalaumu. Nikasoma *muqIp loDnalwI'*, mume wangu ananipiga.

"Na hapa pembeni pameandikwa nini kwa nyekundu?" hakimu akauliza.

"Hongera."

Hakuna aliyecheka.

Wakili akasimama. "Mwalimu, tarehe tano Aprili, mbele ya darasa zima, mteja wangu alikuuliza sentensi hiyo hiyo. Ulisema maana yake nini?"

"Mume wangu ananisindikiza."

"Leo unasema ananipiga. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Wewe mtu uliyeapa miaka kumi na tisa."

"Siku ile sikuwa nimeapa," nikasema. "Lakini ningedanganya hata hivyo."

Nilijisikia nikisema hivyo na nikajua nimeharibu. Wakili alipenga kwa raha. Lugha hii, akasema, hakuna anayeizungumza, haina nchi, haina bibi wala babu. Shahidi pekee anayeijua amekiri kuitafsiri apendavyo. Karatasi hizi zinaweza kuwa na maana yoyote anayotaka kuzipa. Kisha, ili kuonyesha uongo wangu ulivyokuwa wa makusudi, akakabidhi daftari la Mnadhifu kama kielelezo.

Hakimu alilifungua. Alikaa nalo muda mrefu. Nadhani alikuwa anayapenda majedwali. Kila mtu huyapenda.

"Huu ni mwandiko wako?" akamuuliza Mnadhifu.

Akasimama. "Ndiyo, mheshimiwa."

"Hapa umeandika, *qIp*, kusindikiza. Kisha umepiga mstari kwa rula, umeandika kwa herufi kubwa: mwalimu kadanganya. Na chini yake umeandika maana nyingine. Isome."

Wakili akaanza kuinuka. Mnadhifu alikuwa ameshaanza kusoma, kwa sababu alikuwa anajua jibu, na hajawahi kujua jibu akanyamaza.

"*qIp*. Kupiga."

"Kwa hiyo unasema shahidi alidanganya, na maana halisi ni kupiga. Umehakikisha?"

"Nimehakikisha kwenye kamusi mbili."

"Na hii silabi ya mbele, *mu*?"

"Yeye kwangu mimi."

"Basi nisomee sentensi yote aliyoandika mkeo."

Pale ndipo alipoiona. Niliona inamwingia, neno kwa neno, kama nilivyoona kwa mkewe juu ya kile kibao. Angeweza kusema kusindikiza, lakini kusindikiza kulikuwa kumekatwa kwa rula yake mwenyewe. Alimtazama wakili. Wakili alikuwa anatafuta kitambaa.

"Mume wangu," akasema, "ananipiga."

"Na inayofuata?"

Alikaa chini bila kuruhusiwa. Hakimu alingoja kidogo, kisha akaisoma mwenyewe kutoka kwenye jedwali, silabi kwa silabi, kidole kikifuata mistari iliyonyooka, na akaipata sawasawa. Watoto wanatutazama.

Amri ni ya miezi sita. Itasikilizwa tena. Mdogo wangu anasema miezi sita siyo kitu, na anasema ni kitu kikubwa, yote mawili kwa dakika moja. Mnadhifu alipita mlangoni bila kugeuka. Daftari lake limebaki na karani.

Mshonaji alinikuta kwenye benchi la ukumbi. Tangu siku ile ya maktaba hatukuwa tumeonana. Niliinuka, nikatafuta neno la kuanzia, na kwa upumbavu wa mazoea nikasema, "*nuqneH*."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Leo tuongee Kiswahili."

Tukakaa. Nikasema nisamehe kwa ile hongera. Akasema wakati ule hakuna mwingine aliyekuwa anamwambia hongera kwa chochote, kwa hiyo aliipenda, na hilo ndilo linalomuudhi. Nikasema nisamehe kwa kusindikizwa. Aliangalia mikono yake, kidole gumba kimepona kimepinda kidogo, halafu akainama, akashika pindo la gauni langu, akalikagua.

"Bado una pini zangu," akasema. "Umetembea nazo wiki sita?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza kulivaa tangu siku ile."

"Vua viatu, panda hapa juu ya benchi. Nina sindano kwenye mfuko."

Nikapanda. Karani alitoka na funguo, akatuona, akarudi ndani.